Krismasi Bila Bibi: Nani Amezichukua Kazi Zake?

MLETA UZI

Wanajukwaa, poleni na majukumu ya kufunga mwaka. Kila Desemba humu ndani hujadiliwa nauli za mabasi, msongamano wa magari pale Njia Panda ya Himo, na utani usiochakaa kwamba Wachaga wameliacha jiji la Dar es Salaam likiwa jeupe. Safari hii ninaomba tuwajadili wale waliotufanya tupande hayo mabasi. Kwangu mimi alikuwa bibi mzaa baba, ambaye kihamba chake, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kipo Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na ambaye tulimzika miaka kadhaa iliyopita hapo hapo kihambani, ubavuni mwa babu, kama ilivyo desturi ya kwetu.

Tangu afariki hatujaacha kurudi. Kwa kweli tunarudi wengi kuliko zamani, kwa sababu wajukuu wamepata magari yao, na tangu treni ya abiria ilipoanza tena kufika Moshi mwezi Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka ishirini, hata mwenye kipato kidogo anaweza kuja na watoto wake wote. Ndafu, yaani mbuzi wa kuchomwa mzima, ipo, turubai lipo, spika zipo. Kaburi limejengewa marumaru, na Misa ya kumwombea husomwa kila mwaka bila kukosa. Pamoja na hayo yote, ninaona wazi kwamba kuna kazi mbili alizokuwa akizifanya ambazo tulizizika pamoja naye: ya kwanza ni kuiandaa sikukuu kabla hatujafika, na ya pili ni kutupatanisha kabla hatujala. Maadamu kazi hizo hazina mwenyewe, mengine yote tunayomfanyia yanabaki kuwa kumtaja jina tu.

Nianze na maandalizi, kwa kuwa ndiyo yaliyofichika zaidi machoni petu. Sisi watoto wa mjini tulikuta mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikiwa tayari kwenye pipa, tukadhani ndivyo ilivyo. Bibi alianza kuipigia hesabu mwezi wa Novemba, akipita migombani na kuamua mkungu upi ukatwe lini. Ulezi uliloweshwa, ukafunikwa mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Ndizi zilizoiva zilichemshwa hadi zikageuka rangi kuwa nyekundu iliyokolea, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, ndipo maji yake yakachujwa na kuchanganywa na uji wa ule ulezi, pamoja na uchungu wa maganda ya mti wa msesewe. Pombe hii haina subira kwa mtu: ikinywewa mapema huwa tamu mno, na ikicheleweshwa huwa kali isiyonyweka. Kwa hiyo mwenye kuipika alilazimika kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya sikukuu, na ili aweze kuhesabu, alilazimika kujua nani anafika siku gani, kutoka wapi, na watoto wangapi. Kabla simu hazijaenea, alikuwa akiyajua hayo kwa barua na kwa salamu zilizopitia kwa makondakta wa mabasi. Leo mbege tunanunua kwa madumu kutoka kwa jirani, na sioni ubaya wa kununua. Ninachosema ni kwamba hakuna tena mtu katika ukoo wetu ambaye, ikifika katikati ya Desemba, anajua nani yuko njiani na nani hatakuja na kwa nini.

Niongeze jambo la fedha, kwa sababu huwa linapotoshwa katika hotuba zetu za sikukuu. Wazee wakisimama kushukuru, husimulia habari za kahawa ya babu, kadi yake ya chama cha msingi, na jinsi KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, ulivyowasomesha watu wa mlimani. Ni kweli, na ule mwaka wa bei kubwa uliofuata baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ndio uliotupa bati la nyumba ile. Hata hivyo kahawa ililipa mara chache kwa mwaka, ilhali ada, chumvi, mafuta ya taa na dawa vilihitajika kila wiki. Kwa mgawanyo wa kwetu, kahawa na ng'ombe vilikuwa vya mume, ndizi na maziwa vikawa vya mke. Bibi alikuwa akishuka na mkungu kichwani hadi sokoni, akirudi na chumvi na sabuni, na daftari zetu za shule zilitoka kwenye fundo la khanga yake. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, babu alinyamaza kwa miezi, na nyumba iliendelea kula. Sijawahi kusikia hotuba moja ya sikukuu iliyoeleza ilikuwaje.

Kazi ya pili ni upatanisho. Wenyeji wa mlima wanaujua mmea wa sale, ule unaopandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi. Mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani la sale, aliyekosewa hutarajiwa kusamehe, na kulikataa jani hilo ni jambo zito kuliko kosa lenyewe. Bibi alilitumia kila Desemba. Mabinamu waliokopeshana wasilipane, wakwe waliotupiana maneno msibani, ndugu waliogombania mpaka, wote aliwaita mmoja mmoja jikoni, na kabla ya Misa ya mkesha jani lilikuwa limekwisha kwenda na majibu yamekwisha kurudi. Hakuhutubia mtu. Alikuwa akimenya ndizi wakati anakusikiliza, hakutazami usoni, na ukimaliza kujitetea anakuuliza swali moja tu, ambalo kwa kawaida ndilo ulilokuwa ukilikwepa.

Sasa hivi katika ukoo wetu kuna baba wakubwa wawili na baba mdogo ambao hawasalimiani kwa sababu ya kihamba. Kwa mila, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na hilo hakuna anayelipinga. Kinachopingwa ni wapi panapoishia uwanja wa nyumba na kuanza migomba ya wengine, kwa kuwa ardhi yenyewe imegawanywa vizazi hadi vizazi. Tunakula ndafu moja tukiwa na meza tatu. Ninaomba kusikia kwenu: waliokuwa na bibi wa namna hii, mmemkumbukaje, na kazi zake mmempa nani?

MCHANGIAJI WA ROMBO

Ndugu mleta uzi, hongera kwa kuleta hoja nzito, ila ninaomba usiyabeze marumaru. Huku Rombo, sisi tunaoishi mbali tunalitunza kaburi la bibi kwa sababu ndiyo kazi pekee tunayoweza kuifanya kwa mikono yetu ndani ya siku chache tulizo nazo. Siku ya kuamkia sikukuu watoto wote wanaamshwa mapema, wanang'oa magugu, wanaosha kaburi, wanapaka chokaa yale ya zamani yasiyo na marumaru, na wakati kazi ikiendelea shangazi yetu anawasimulia aliyelala hapa ni nani na alizaa nani. Mwanangu, ambaye amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, anazijua nasaba za ukoo kwa mpangilio wa makaburi. Akisahau jina la mtu, anakuuliza kama ni yule wa karibu na mparachichi. Hilo si kumtaja jina tu.

Kuhusu mbege, bibi yangu alikuwa na sheria kwamba kata ya kwanza apewe mtu aliyetoka mbali kuliko wote mwaka huo, hata kama ni kijana. Wazee walinung'unika kila mara, na yeye hakuwahi kuibadilisha.

MLETA UZI

Ninakubaliana nawe kuhusu makaburi, na hilo la nasaba kwa mpangilio wa makaburi nitalichukua nilipeleke kwetu. Marumaru yetu yaliwekwa na fundi tukiwa hatupo, na pengine hapo ndipo tofauti ilipo: nyinyi kaburi limewapa kazi, sisi limetupa risiti.

MCHANGIAJI WA MOSHI MJINI

Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Moshi mjini, na Desemba kwetu si sikukuu ya dini, ila ndio wakati ambao ndugu wote wana likizo na shule zimefungwa. Kwa hiyo familia yetu ilikubaliana kwamba kisomo cha kumrehemu bibi kifanyike wakati huo huo, ili wajukuu wanaosoma na kufanya kazi mbali wawepo. Juzuu zinagawanywa, khitma inasomwa asubuhi, dua inaombwa, kisha watu wanakula pilau, na majirani Wakristo wanakuja kama walivyokuwa wakija alipokuwa hai. Bibi alikuwa na desturi ya kupeleka sahani ya pilau kila nyumba ya mtaa siku ya Idi, na siku ya Krismasi sahani zile zile zilirudi zikiwa na kitu ndani. Alipofariki, sahani hizo zilikuwa zimetapakaa mtaani kote, na majirani walizileta msibani moja baada ya nyingine. Mama yangu ndiye anayezituma sasa. Kwa hiyo swali lako, kwa upande wetu, lina jibu: kazi yake ameichukua mkwe wake, bila kikao chochote.

MCHANGIAJI WA ARUMERU

Salamu kutoka upande wa pili, kwa Wameru. Bibi yetu alikuwa msichana mkubwa wakati serikali ya Waingereza ilipowahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwishoni mwa mwaka 1951. Shuleni nilisoma kwamba Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kupeleka malalamiko ya watu wetu, nikafaulu mtihani, na jambo likaishia hapo. Ilikuwa ni likizo moja ya Desemba, tukiwa tunakula loshoro, chakula chetu cha asili, ndipo bibi aliposema kwamba yeye aliyaona. Alieleza nyumba zilivyochomwa, mifugo ilivyoswagwa, na jinsi mama yake alivyorudi kuchukua chungu akazuiwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kabla ya siku hiyo.

Ushauri wangu kwa wote ambao bado wana bibi: tumieni simu zenu kumrekodi, lakini msimuulize umri wala tarehe, kwa kuwa wengi wao hawakuhesabu hivyo. Muulizeni alikuwa na mtoto gani mgongoni usiku ule Mwenge ulipowashwa kileleni Kilimanjaro mwaka 1961, alikuwa akiishi wapi lilipotangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, nani kati ya wanawe alikwenda vita vya Kagera. Tulipopanga majibu hayo, tuligundua kwamba umri ulioandikwa kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umepungua kwa miaka mingi. Tulimweleza, akacheka sana, akasema basi tumpe heshima zaidi kuanzia siku hiyo.

MCHANGIAJI MFIWA

Ninasoma uzi huu kwa shida. Bibi yangu wa Machame alifariki mwaka huu, na hii itakuwa Krismasi ya kwanza bila yeye. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipokwenda kutafuta maisha. Kusema kweli ninafikiria kubaki Arusha, kwa sababu sijui nitaingiaje kwenye ile nyumba nimkute mtu mwingine ameshika mwiko wake. Waliopitia hali hii walifanya nini?

MLETA UZI

Pole sana, ndugu yangu. Mungu ampumzishe bibi yako, na akutie nguvu wewe uliyeachwa. Siwezi kukuamulia, ila nitakueleza yaliyotokea kwetu mwaka ule wa kwanza. Kila mtu aliepuka kuingia jikoni. Tulikaa uwanjani tukizungumza siasa na mpira, na chakula kililetwa na mpishi wa kukodi kwenye masufuria yenye mifuniko. Tulidhani tunajihurumia, kumbe tulikuwa tukimwacha shangazi yetu mkubwa peke yake ndani, akilia huku akitafuta chumvi mahali ambapo bibi huiweka. Kama utakwenda, nenda mapema kabla nyumba haijajaa, na uingie jikoni kwanza. Yule atakayekuwa ameshika mwiko naye amefiwa. Na kama hutaweza kwenda mwaka huu, piga simu siku yenyewe asubuhi, uzungumze na mzee mmoja aliyebaki. Usitume ujumbe kwenye kundi la familia na kuona umemaliza.

MCHANGIAJI WA MARANGU

Mimi ni mwanamke, na nitasema jambo ambalo huenda halitapendeza. Nimesoma sifa zote hizi za bibi aliyepika mbege, aliyebeba mkungu, aliyepatanisha watu huku akimenya ndizi, na sijaona mahali ambapo bibi huyo amekaa chini akala. Bibi yangu alikula mwisho kila Krismasi niliyokuwa naye, akiwa amesimama, sahani ameishikilia mkononi, na masikio yake yakiwa nje kusikiliza nani ameitisha nini. Tulipomwambia akae, alisema atakaa watu wakiondoka. Mnauliza kazi zake apewe nani, na mimi ninajua jibu linaloandaliwa: apewe mke wa mtoto wa mwisho. Kama kumkumbuka bibi maana yake ni kumtafuta mwanamke mwingine wa kusimama hadi magoti yavimbe, basi mimi nipo upande wa mpishi wa kukodi.

MLETA UZI

Dada, umesema kweli ambayo nilipaswa kuikuta mwenyewe katika maelezo yangu. Wa kwetu pia alikula mwisho. Sitetei hilo, na ninaona aibu kwamba katika uzi wote mpaka ulipofika wewe hakuna mwanamume aliyelitaja.

Nieleze basi tulichokubaliana baada ya mjadala huu kuanza, kwa sababu niliupeleka kwenye ukoo kama ulivyo. Mtori wa asubuhi ya sikukuu utapikwa na wajukuu wa kiume, chini ya usimamizi wa shangazi mkubwa ambaye atakuwa amekaa kwenye kiti. Ameanza kutufundisha kwa simu. Ndizi ziwe mshare, zisiwe zimeanza kuiva. Mikono ipakwe mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utaiacha myeusi na mtakwenda kanisani mkiificha mifukoni. Nyama iwe yenye mifupa, ichemke kwanza peke yake mpaka iachie mfupa, ndipo ndizi ziingie. Zikilainika, nyama itolewe kando, ndizi zipondwe zikiwa bado za moto, kisha nyama na supu virudi ndani. Binamu yangu mmoja ameuliza kama anaweza kutumia mashine ya kusagia juisi. Shangazi alikata simu.

MCHANGIAJI WA ROMBO

Hongera kwa hatua hiyo. Ila umelijibu la chakula tu. La kihamba na wale wazee wasiosalimiana mmelifanyaje? Je, mjukuu anaweza kupeleka sale?

MLETA UZI

Nimeuliza wazee wa pale Kibosho wanaoijua mila kuliko mimi. Wamesema mjukuu hawezi kulipeleka kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, lakini anaweza kutumwa na mkosaji, na hapo ndipo pagumu, kwa kuwa kila mmoja kati ya wazee wetu watatu anasubiri jani litoke kwa mwenzake. Bibi alilitatua tatizo hilo kwa namna ambayo nimeijua juzi tu kutoka kwa shangazi: alikuwa akiwafanya wagomvi wote wawili watume siku moja, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Ilikuwa ni hila, na ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka arobaini.

Shangazi amekubali kuichukua kazi hiyo. Kwa kuwa yeye ni binti na kihamba hakimhusu kwa urithi, wazee wote watatu wanamwamini. Ametoa masharti mawili. Kikao kifanyike tarehe 24 mchana, jikoni, bila wake zao wala wanasheria, na funguo za chumba chenye vinywaji zikae kwake mpaka amalize. Baba wakubwa wote wawili wameshajibu kwamba watakuja. Baba mdogo hajajibu, ila ameuliza kikao kinaanza saa ngapi.